Keki za vikombe kubonyea katikati: nilivyotatua hapa Mbeya

Dalili: keki zinaumuka haraka, zinapita ukingo wa karatasi, kisha dakika ya 12 hivi zinabonyea katikati. Ukipamba, nyota za krimu za Krismasi zinalala shimoni.

Kuongeza muda wa kuoka kulizikausha tu. Kununua bekingi pauda mpya kukazidisha tatizo, na hapo ndipo nilipopata fununu.

Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa (msukumo wake) ni ndogo, gesi inatanuka mno kabla rojo halijashika. Kwa keki 12 za unga gramu 190, nilishusha bekingi pauda kutoka kijiko cha chai kimoja na nusu hadi kimoja, sukari kutoka gramu 200 hadi 175, nikaongeza maziwa vijiko viwili vya chakula. Oveni ikapanda kutoka nyuzi 175 hadi 190, dakika 16 hadi 18.

Kilichookoa hasa ni kisu! Sawazisha kijiko cha bekingi pauda kwa mgongo wa kisu. Kikibaki na kilima, umerudi kwenye kimoja na nusu bila kujua. Karatasi jaza nusu tu, na krimu isubiri keki zipoe kabisa.