Mwaka wa Kwanza wa Khidma

Leo umetimia mwaka mmoja tangu niliposhuka bandarini Mkoani, Pemba, na begi moja, nikapanda gari la Wete, kisha nikatembea kwa miguu hadi kwenye chuo hiki ambacho sasa ndiyo nyumba yangu. Niliacha kazi ya mshahara Unguja kwa nia ya kutoa khidma: kusimamia jiko la dakhalia (bweni la wanafunzi), kuwasomesha watoto wadogo jioni, na kusoma mwenyewe kila darsa inapofunguliwa.

Sikutambua kwamba hayo mawili ya mwanzo yangelimeza la tatu. Darsa kuu ya Maalim husomwa baada ya sala ya alfajiri, na saa hiyo hiyo uji wa vijana 40 huhitaji mtu wa kuukoroga. Kwa miezi mitatu nilizisikia sauti za wenzangu kupitia dirishani, na nakiri kuwa moyo uliniuma, kwani nilikuja kutafuta elimu nami nikawa mchochea kuni.

Nilipomweleza Maalim, hakunipa mawaidha ya subira. Alisema tu, “Mwanangu, kitabu kije jikoni.” Tangu siku ya pili yake, mwanafunzi mmoja hukaa mlangoni akanisomea Ajurumiyya, kijitabu cha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, cha Ibn Ajurrum wa Fes, Moroko, aliyefariki mwaka 1323, nami huku nikikuna nazi za mchana hulazimika kuidaka irabu ya mwisho ya kila neno kwa sikio. Akimsoma mtenda wa sentensi kwa fat-ha (irabu ya “a”) badala ya dhamma (irabu ya “u”) inayomstahiki, mkono wangu husita juu ya mbuzi kabla sijajua sababu. Zamani, nikiwa na kitabu chenye irabu zote mbele yangu, nilisoma sawasawa bila kufahamu chochote.

Mama hunipigia simu kila Ijumaa kuniuliza maisha haya yatanifikisha wapi, na ana haki ya kuuliza. Msimu wa karafuu niliomba ruhusa ya wiki mbili, nikachambua karafuu kwa malipo ili nimpelekee chochote. Vijana wakalishika jiko, nami nikarudi vidole vikinukia makonyo, vile vikonyo vya karafuu.

Kesho tunaingia mlango wa istithnaa, yaani sura ya maneno ya kuvua kama “isipokuwa”. Msomaji wangu ameniomba nazi zote nizikune usiku huu, kwa kuwa mlango huo, anavyoona yeye, unataka macho pia.