Shahada ya kujitawala, huku Yukon

Jamani, hili siwezi kukaa nalo peke yangu. Huku Whitehorse, Kanada, Chuo Kikuu cha Yukon kinatoa shahada ya utawala wa watu wa asili. Yukon, eneo la kaskazini-magharibi mwa Kanada, ina Mataifa ya Kwanza 14, yaani jamii za watu wa asili, na 11 kati yake yanajitawala kwa mikataba iliyojengwa juu ya makubaliano makuu ya 1993 kati yao na serikali. Yanatunga sheria, yanasimamia ardhi, yana bajeti. Sasa nani aandike bajeti hizo? Nani ausome mkataba kifungu kwa kifungu kabla ya kuketi mezani na watu wa serikali kuu ya Kanada, Ottawa? Ndiko masomo haya yanakolenga.

Jirani yangu darasani ni mtumishi wa serikali ya taifa lake. Akiuliza swali, ujue jambo lenyewe linamsubiri ofisini.

Mimi Mkenya nawawaza Waogiek, watu wa asili wa msitu wa Mau. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, iliwapa haki 2017 katika kesi ya ardhi yao dhidi ya serikali ya Kenya, na 2022 ikaagiza walipwe fidia. Nasi tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii tangu 2016. Wanakamati wa ardhi vijijini wanastahili mafunzo ya namna hii, tena karibu na kwao. Walimu wa vyuo vyetu mnaosoma hapa, tuzungumze.