Nilivyopima Soko la Uvumbuzi Uliokuwa Bado Maabarani

Uvumbuzi wa chuo kikuu unapoletwa kwetu kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huwa ni jaribio lililofaulu juu ya kipande kidogo cha kitu, si bidhaa. Kwa kipimo cha viwango 9 vya utayari wa teknolojia kilichoanzia NASA, wenyewe huwa katika kiwango cha 2, 3 au 4: wazo limethibitishwa maabarani, lakini halijakutana na vumbi, mtetemo wala fundi mwenye haraka. Kuuliza wakati huo kwamba soko lake lina thamani gani ni kutaka bei ya kitu ambacho bado hakijaamuliwa kitakuwa nini. Hata hivyo, kazi yangu katika ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia, ile inayoutafutia uvumbuzi wa chuo kampuni za kuutumia, inanidai jibu, kwa kuwa ada za hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi, hazisubiri. Hapa ninaeleza jinsi nilivyolitafuta jibu hilo kwa uvumbuzi mmoja, bila kutaja majina wala kemia yake kwa undani.

Mvumbuzi, profesa wa kemia, alikuwa ametengeneza mpako mwembamba wa kupaka juu ya chuma cha pua ili utando wa madini na protini usigande juu yake. Katika fomu ya taarifa ya uvumbuzi, penye sehemu ya matumizi, aliandika viwanda vya maziwa, akaambatanisha takwimu ya soko la dunia la mitambo ya kusindika maziwa, yenye kuhesabika kwa mabilioni. Takwimu za namna hiyo mimi huziweka kando kwa heshima. Si lazima ziwe za uongo, ila zinahesabu fedha ambazo watu tayari wanazitumia kwa mambo mengine, na hakuna hata senti moja kati ya hizo iliyokwisha kuahidiwa mpako wetu.

Kabla ya soko nilitazama kalenda. Profesa alikuwa amejiandaa kuwasilisha matokeo yake kwenye mkutano wa kitaaluma, na barani Ulaya kuutangaza uvumbuzi kabla ya kupeleka ombi la hataza huuondolea upya wake, ingawa Marekani humpa mvumbuzi muda wa mwaka mmoja. Tukapeleka ombi kwanza. Tangu siku hiyo, ambayo ndiyo tarehe ya kipaumbele, mwombaji ana miezi 12 ya kuamua kama atapeleka maombi nchi nyingine, na akipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), ambao ni wa kimataifa, kwa kawaida anaweza kuahirisha kuingia katika nchi moja moja hadi mwezi wa 30. Gharama kubwa hasa, za mawakili na tafsiri katika kila nchi, huanzia hapo. Kwa hiyo sikujiuliza tena mpako huu utaingiza kiasi gani baada ya miaka 10. Nilijiuliza ni jambo gani tunalopaswa kulijua kabla ya mwezi wa 12, na lipi kabla ya mwezi wa 30, ili tuwe tayari kulipia hatua inayofuata.

Nikapekua Espacenet, hifadhi ya hataza iliyo wazi kwa umma. Nilikuta hataza kadhaa za mipako yenye lengo lile lile, na nyingi kati yake wenyewe walikuwa wameacha kuzilipia ada. Hataza iliyoachwa inaweza kumaanisha tu kwamba kampuni ilikufa au ilibadili mwelekeo. Zinapokuwa nyingi katika uwanja mmoja, mimi huzichukua kama nyayo za watu waliokuwa na fedha, wakajaribu, wakarudi. Sababu ya kurudi haiandikwi ndani ya hataza. Ni ya kuulizwa watu.

Niliandika maelezo ya ukurasa mmoja yasiyo na siri, yenye kusema mpako unafanya nini bila kusema unafanyaje, kisha nikaanza kuwatafuta waendeshaji wa mitambo, mafundi wa matengenezo na watengenezaji wa vifaa. Sikumwuliza yeyote kama angeununua. Watu ni waungwana, na swali hilo hujibiwa kwa uungwana. Nilimwuliza kila mmoja ni nini hasa kilichotokea mara ya mwisho utando ulipozidi: nani aliitwa, mtambo ulisimama kwa muda gani, kipi kilimwagwa, na gharama iliandikwa kwenye bajeti ya idara ipi. Swali la bajeti ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu hasara isiyo na mwenyewe kiwandani haina mnunuzi wa dawa yake.

Majibu yao yalinifundisha mambo mawili ambayo hayakuwamo kwenye fomu. La kwanza ni la kemia. Protini za maziwa zikipashwa joto kufikia nyuzi 70 hivi za Selsiasi huanza kukunjuka na kushika kwenye chuma, na mafundi huziondoa kwa kuzungusha kostiki soda ya moto ndani ya mabomba, kisha asidi ya nitriki kwa ajili ya madini. Mpako wetu ulikuwa umejaribiwa dhidi ya maziwa, si dhidi ya kostiki soda. La pili lilikuwa zito zaidi: hata utando usingejengeka kabisa, mtambo bado ungesimamishwa na kuoshwa kwa ratiba, kwa sababu usafi wa chakula ndio unaodai hivyo. Tungepunguza ukali wa uoshaji na kurefusha kidogo muda wa kazi kati ya uoshaji mmoja na mwingine, lakini ile akiba kubwa ya kutosimama haikuwapo.

Profesa hakufurahi. Aliniambia, "Lakini mpako unafanya kazi."

Nilimjibu, "Unafanya kazi, Profesa, na hilo hakuna aliyelipinga. Tunachotafuta ni mahali ambapo kufanya kazi kwake kunamwokolea mtu gharama."

Kukataliwa na tasnia ya kwanza kuulizwa si hukumu ya mwisho. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aligundua mwaka 1967 namna ya kuunda sauti za ala kwa kubadilisha masafa ya mawimbi. Watengenezaji wa ogani wa Marekani walioonyeshwa kazi hiyo hawakuichukua. Wahandisi wa Yamaha, waliokuwa tayari wakifikiria ala za kidijitali, waliielewa. Kinanda cha DX7 kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1983, na leseni hiyo ikawa miongoni mwa zilizokiingizia chuo mrabaha mkubwa. Miaka 16 ilikuwa imepita, muda ambao tathmini yoyote ya soko iliyoandikwa mwanzoni ingekuwa imeshachakaa.

Nikaiweka sifa ya mpako kwa maneno yasiyotaja tasnia, yaani uso wa chuma unaopitisha joto bila kushikwa na mashapo, kisha nikatafuta mahali ambapo mashapo yanazuia kazi yenye faida na hakuna kanuni ya kuosha kila siku. Maji magumu ya viwandani yalikuwa na tiba za bei nafuu tayari. Uondoaji wa chumvi katika maji ya bahari ulivutia, lakini mitambo mingi hutumia vichujio vya plastiki, si chuma. Nilipofika kwenye jotoardhi nikatulia. Maji ya moto kutoka ardhini hubeba silika, madini yaliyomo pia katika mchanga, na yakipozwa kupita kiasi silika hiyo huganda kwenye vibadilisha joto na mabomba. Kwa hiyo waendeshaji huyarudisha ardhini yangali na joto ambalo lingeweza kuzalisha umeme. Wengine huongeza asidi kuchelewesha kuganda, na asidi nayo hula chuma. Hapa kila nyuzi ya ziada ya kupoza ina thamani inayohesabika, na mhandisi mmoja wa uzalishaji aliyekubali kuzungumza nami alianza kuihesabu mwenyewe kabla sijamwomba.

Mitambo ya aina hiyo duniani si mingi, jambo ambalo mkuu wangu aliliona kama udhaifu. Mimi niliona pia upande wa pili: wanunuzi wachache wanaojulikana hufikiwa kwa urahisi kuliko maelfu wasiojulikana. Nilikokotoa kuanzia chini, mtambo mmoja mmoja, nikizidisha joto la ziada kwa thamani ya umeme na kutoa gharama ya kupaka. Sikuandika jumla moja bali kiwango cha chini na cha juu, na kilichoyatenganisha mno mawili hayo kilikuwa kigezo kimoja, yaani mpako utadumu muda gani ndani ya maji hayo. Hilo likawa jaribio la kufanywa kabla ya mwezi wa 12, tena kwa maji yenye silika, maana kukataa protini na chokaa hakuthibitishi kukataa silika.

Sampuli zilistahimili vya kutosha kutufanya tuendelee, na kampuni moja ikasaini mkataba wa kuhifadhiwa nafasi ya leseni: inalipia ada za hataza na jaribio la kisimani, nasi hatuzungumzi leseni ya jotoardhi na mwingine kwa muda uliokubaliwa. Hataza za wanasayansi Cohen na Boyer za kuunganisha vinasaba zilitolewa leseni kwa kampuni 468 bila upekee, yaani bila yeyote kuwa mtumiaji wa pekee, na ziliingiza takriban dola milioni 255, lakini hizo zilikuwa mbinu ambayo kila maabara ingeweza kuitumia mara moja. Mpako wetu unahitaji mtu wa kutumia fedha zake kuukuza, na hakuna atakayezitumia bila upekee. Tulichokataa ni kuutoa upekee huo nje ya jotoardhi. Katika ukurasa wa mwisho wa tathmini niliandika idadi ya saa ambazo mpako lazima udumu kisimani, pamoja na sentensi inayosema kwamba usipozifikia kabla ya mwezi wa 30, ofisi haitaingia katika nchi yoyote. Profesa alisoma, akaomba idadi hiyo iandikwe kwa masharti ya joto aliyoyataja, nami nikakubali, kisha tukasaini sote wawili.