Nilivyochagua na kubadilisha oili ya gia boksi ya Corolla yangu

Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya gia tano za mkono, nami naishi Njombe, ambako baridi ya alfajiri ya Juni na Julai huonyesha waziwazi hali ya oili iliyomo ndani ya gia boksi. Kila asubuhi, kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mkono wa gia ulikuwa ukigoma mpaka gari litembee mwendo wa kutosha kupata joto, kisha mchana kutwa tatizo halionekani. Klachi ilikuwa nzima. Aliyeniuzia gari alinieleza kwamba gia boksi iliwekwa 85W-140, oili nzito ambayo wengi huiweka kwenye difu (sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu) za malori, na hapo nikapata pa kuanzia.

Ndani ya gia boksi mna pete za sinkronaiza, ambazo kwa kawaida ni za shaba, na kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla meno hayajashikana. Ili pete ishike, lazima kwanza isukume pembeni utando wa oili, na oili nzito ikiwa ya baridi haisukumiki kwa urahisi. Kijitabu cha gari kinataka 75W-90. Namba ya kwanza, yenye herufi W, huonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya pili huonyesha uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Namba hizi zisilinganishwe na za oili ya injini, kwani vipimo ni viwili tofauti: 90 ya gia hukaribiana kwa uzito na 40 au 50 ya injini.

Dukani, muuzaji aliniambia, “Dada, chukua hii GL-5, ndiyo yenye nguvu kuliko GL-4.” GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia kulingana na ulinzi inaoutoa kwa meno. Ni kweli kwamba GL-5 ina viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi vya kulinda meno yanayosagana kwa shinikizo kubwa, kama yale ya difu ya nyuma. Corolla hii, hata hivyo, huvuta kwa magurudumu ya mbele. Difu yake imo humo humo ndani ya gia boksi, inatumia oili hiyo hiyo, na meno yake ni ya mshazari wa kawaida yasiyohitaji ulinzi wa kiwango hicho. Baadhi ya viambato hivyo, joto likizidi, huweza kuila shaba. Kijitabu kinaruhusu zote mbili, lakini mimi nilisisitiza GL-4, nikanunua lita mbili kwa kuwa gia boksi huchukua lita 1.9. Mwenye gari la aina nyingine asiniige bila kusoma kijitabu chake, kwani zipo gia boksi za mkono zinazotumia ATF, yaani oili ya gia boksi za otomatiki, na Honda wana oili yao maalumu.

Kazi niliifanya na fundi kwenye gereji yenye shimo, kwa sababu gari likiinuliwa mbele tu kwa jeki, kipimo cha oili hudanganya. Tulilitembeza kwanza ili oili ipate joto na kumwagika yote. Nilimwomba fundi aanze na nati ya kujazia, ile ya juu, kabla ya kugusa ya chini. Ukishamwaga oili halafu nati ya juu ikagoma kufunguka, gari halitoki hapo. Ilikaza kweli, akaifungua kwa spana namba 24 na kipande cha bomba.

Oili ilitoka nyeusi, nzito, yenye harufu kali. Kwenye sumaku ya nati ya chini palikuwa na tope laini la kijivu, ambalo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ndivyo vingenitia hofu. Tuliisafisha nati, tukaifunga pamoja na washa mpya (pete ya kuzuia uvujaji), kisha fundi akaingiza oili kwa bomba la sindano lenye mpira mrefu, polepole, mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye shimo la kujazia. Hapo ndipo kipimo chenyewe, maana gia boksi hii haina kijiti cha kupimia.

Asubuhi iliyofuata gia ya pili iliingia bila kusukumwa. Baada ya wiki nililirudisha gari juu ya shimo, nikapapasa nati zote mbili na sili za ekseli kwa kitambaa cheupe, kikatoka kikavu.