Jumapili kibanda kimefungwa

Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na Jumapili wateja humiminika. Hata hivyo sifungui. Jirani muuza chipsi huniuliza, "Mama Neema, pesa huitaki?" Naitaka sana, ada ya Neema haijaisha.

Ila Kumbukumbu la Torati 5:15 ilinibana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kinaifunga Sabato na uumbaji, lakini hapa Musa anawakumbusha watu kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hapumziki, maana siku zake si zake. Nikazitazama simu zangu zinavyolia hata katikati ya sala ya jioni, nikajiuliza bwana wangu hasa ni nani. (Wauguzi na walinzi hawana uchaguzi huo, siwasemi wao.)

Siku hizi nikitoka ibadani napika ndizi, nalala mchana bila aibu, kisha namsomea Zaburi bibi wa nyumba ya pili, ambaye macho yamefifia. Kamisheni ya siku hiyo inakwenda kwa wakala mwenzangu. Na iende. Nikifa, floti, ile pesa ya mtaji, itabaki kwenye laini. Bibi huyu natumaini kumkuta mbele. Ameshaomba Jumapili ijayo tuingie Waebrania, sura ya nne, ile ya pumziko.