Moshi hadi Longido: nani anamsemea mama mbele ya daktari?

Nilitoka Moshi alfajiri na kosta, siti ya nyuma ya dereva, naenda Longido, kaskazini ya mji wa Arusha, kutafsiri kwenye kambi ya matibabu ya bure. Mi nafanya Kiswahili na Kiingereza, madaktari wengine walikuwa wageni kutoka nje wengine wa hapa hapa kwetu, na nilijua wagonjwa wengi kule watakuwa wanaongea Kimaa, lugha ya Wamasai, hivo niliuliza mapema nani anashika upande huo nikajibiwa "watu wapo, usijali". Nikabaki na hilo jibu kichwani njia nzima.

Wanaodhani watu wa Kaskazini tunaelewana wote waje wapande hii kosta. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa Machame na mama wa Rombo, watu wa mlima mmoja kabisa, wakasalimiana kila mtu na Kichaga cha kwao, ila sentensi ya pili tu wote wameshahamia Kiswahili, maana Kirombo na Kimachame vyote vinaitwa Kichaga lakini mpeleke wa huku kule uone kama atatoka na kitu. Usa River akapanda mama wa Kimeru na mkungu wake wa ndizi, yule mzee akaanza kupiga naye stori, yeye Kimachame mama Kimeru, na wanaelewana vizuri tu, wakati huyo mama si Mchaga na wa Rombo pembeni anawaangalia tu. Afu ukikaribia mjini unaanza kukutana na Waarusha, wanalima mahindi na maharage kama wengine ila lugha yao ni Kimaa. Hiyo yote ni ndani ya kilomita 80 hivi, Longido kwenyewe bado.

Nikipita Usa River huwa namkumbuka Kirilo Japhet. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa Wameru kwa nguvu Ngarenanyuki, watu kama 3,000, ardhi ikaenda kwa walowezi, na mwaka 1952 Kirilo akafika Umoja wa Mataifa kule New York kuwasemea watu wake, akiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Mashamba hayakurudi kwa safari ile, inauma hadi leo ukiongea na wazee wa Meru, lakini kisa cha watu wa kijijini kilivuka bahari kikasikilizwa mbele ya mataifa.

Arusha nililala kwa mama mmoja aliyenifundisha ukalimani, nikamsindikiza jioni mpaka karibu na AICC, lile jengo kubwa la mikutano lenye pande tatu zinazoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Humo ndimo ilimokaa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015. Mama yule alikuwa anaingia mle na anajua kazi ya wakalimani wake, akanielezea hadi nikasahau njaa. Mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa, wengi wao Wanyarwanda wa vijijini waliosema Kinyarwanda, wakati mahakama inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kesi za mwanzo ushahidi ulikuwa unaenda kwa kupokezana, Kinyarwanda kwanza kinaingia Kifaransa, afu Kifaransa kinaingia Kiingereza, na majaji wa kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya kule Rwanda, waliotoa hukumu tarehe 2 Septemba 1998, waliona umuhimu wa kueleza ndani ya hukumu yenyewe ugumu wa kupata maana sawasawa kwa njia hiyo. Hebu fikiria, majaji wanasimama kwenye kesi nzito namna ile wanasema jamani tafsiri nayo ni sehemu ya haki.

Akaniambia pia kuhusu vile vibanda vya vioo wanamokaa wakalimani, kwamba mkalimani hafanyi peke yake, wanapokezana kila baada ya muda mfupi, nusu saa hivi, sababu ubongo unachoka na ukichoka unaanza kuruka mambo. Na mkalimani anaongea kwa "mimi", hasemi "shahidi anasema aliona", anasema "niliona", yani mtu anakaa pale siku nzima akisema kwa mdomo wake mwenyewe niliona mwanangu akiuawa, na jioni anapanda gari anarudi nyumbani kupika. Mama aliposema hivo akanyamaza, mi pia sikuwa na la kusema, tukatafuta ndizi nyama tukala tukalala.

Asubuhi tukatoka na gari la kambi kupitia Sakina, Ngaramtoni, Oldonyosambu, mlima Meru uko kulia umesafishika hauna wingu, baada ya hapo ni nyika na mifugo na upepo mpaka Longido.

Tulikuta watu wengi tayari, wamama wamekaa chini ya migunga na watoto, wazee upande wao na fimbo zao. Nilisalimia wamama "Takwenya!", wakaitika "Iko!" wote kwa pamoja, ila Kimaa changu kinaishia karibu hapo. Na wale "watu wapo" nilioahidiwa nikawaona: binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuja na bibi yake, kijana wa bodaboda aliyeleta mgonjwa, na watoto wa wagonjwa wenyewe. Hakuna aliyeandaliwa wala aliyelipwa, kila mtu katekwa palepale.

Meza yetu ilikuwa ya daktari mmoja mama wa makamo, mpole, anauliza taratibu. Daktari anasema Kiingereza, mi naleta Kiswahili, anayejua Kimaa anamalizia, jibu linarudi njia ileile. Akaja yeyo mmoja, yani mama kwa Kimaa, na mtoto wake wa kiume, sijui miaka kumi na mbili, anasoma shule hivo Kiswahili kimenyooka. Daktari akauliza tatizo, mtoto akasema mama anaumwa tumbo. Daktari akauliza kuhusu siku zake, kama anatokwa damu nyingi, kama aliwahi kuharibikiwa mimba. Nilipomgeukia yule mtoto nikaona siwezi kumpa hayo maswali abebe, na mama alikuwa ameshaelewa kinachokuja, ameinamisha kichwa anachezea shanga za mkononi. Kwa Wamasai heshima kati ya mama na mtoto wa kiume ni kitu kikubwa sana, na hata Uchagani kwetu nani angemjibu daktari hayo mbele ya kijana wake? Mtoto akarudia tu, tumbo, ni tumbo.

Nikamwomba daktari tusimame kidogo. Nikamwambia yule mtoto mwanangu nenda kachukue maji ya kunywa pale kwenye hema la dawa, nikaenda kumtafuta nesi wa zahanati ambaye ni mwenyeji na anaongea Kimaa, alikuwa anapima presha upande mwingine. Alipokuja akachuchumaa mbele ya yeyo, wakaongea taratibu, na ikatoka habari ndefu: damu tangu alipojifungua mwisho, miezi mingi, na hajamwambia mtu. Akaandikiwa rufaa ya hospitali siku ileile. Kwa mdomo wa mtoto wake angeondoka na vidonge vya tumbo.

Hilo ndo limenikaa moyoni kuliko yote. Lugha yule mtoto alikuwa nayo safi kabisa, ila ule haukuwa mzigo wa kumbebesha. Na Arusha hiyohiyo, mwendo wa saa moja na kitu tu kutoka pale, shahidi aliwekewa kibanda na wakalimani wa zamu, mtu mzima asiyemjua, aliyeapa kutunza siri. Mama wa Longido naye anastahili mtu wa hivo.

Yule binti wa kidato cha tatu alikuwa na akili sana, tatizo hakuna aliyemwambia kazi inafanyikaje. Daktari alieleza dawa kwa kirefu, kutwa mara mbili, baada ya kula, usiache hata ukipata nafuu, yeye akasema maneno mawili matatu na yule koko, bibi yake, akaitikia. Wakati wa chai nikakaa naye, nikamwambia mdogo wangu usifupishe, usiongeze ushauri wako, ukiwa hujaelewa msimamishe daktari bila woga. Mchana akawa moto mwingine kabisa, hata akawa ananirudisha mimi, "dada, hujasema baada ya kula".

Kuna mzee pia aliulizwa maumivu ya mgongo yalianza lini, akaanza na ukame, ng'ombe waliokufa, kuhamia upande wa Gelai na kurudi Kitumbeine. Daktari akaangalia saa. Nikamwambia subiri, anakujibu, maana mzee alikuwa anahesabu kwa malisho na mihamo yake, na mwishoni ilitoka wazi kabisa kuwa mgongo ulianza baada ya kuanguka akinywesha ng'ombe kisimani.

Jioni kabla ya kupakia mahema nilimfuata kiongozi wa kambi na karatasi. Nimeandika watu wanne wa Kimaa kwa kambi ijayo, wawili wanawake, wafundishwe walau siku moja kabla, walipwe posho kwenye bajeti ileile ya mahema na mafuta ya gari, na mtoto yeyote asikae kiti cha kutafsiri kwa mzazi wake. Wanne na mafunzo amekubali, nesi wa zahanati ndo atachagua. Posho bado wanavutana nayo, wanasema watu wa kijijini hujitolea. Nimewajibu kwamba dereva naye ni wa kijijini na analipwa, na Jumatatu napiga simu tena.