Kumbukumbu ya mradi: kuunganisha maudhui ya vijenzi vyote kwa lebo

Kazi ya awamu hii ni moja. Msomaji akimaliza makala, nataka akute chini yake makala nyingine za mada hiyo, ukurasa wa mtaalamu anayehusika nayo, na kiungo cha nje kinachoiendeleza, vyote ndani ya orodha moja. Tovuti inatumia Joomla, mfumo huria wa kusimamia maudhui, na vitu hivyo vitatu vinakaa katika vijenzi vitatu tofauti, yaani sehemu za mfumo ambazo kila moja inasimamia aina yake ya maudhui. Kila kijenzi kina majedwali yake kwenye kanzidata na hakijui jirani yake ana nini.

Joomla ina moduli (kisanduku kidogo kinachoonyeshwa kwenye ukurasa) ya makala zinazohusiana, ila hiyo hulinganisha maneno muhimu yaliyoandikwa katika metadata za makala, yaani taarifa za ziada kuihusu, na haitoki nje ya makala. Nimeiweka kando.

Lebo, yaani majina mafupi ya mada yanayobandikwa kwenye maudhui, ndizo zinazovuka mipaka hiyo. Ziliingia kwenye kiini cha mfumo katika toleo la 3.1, mwaka 2013, na jedwali lake la kuunganisha, #__contentitem_tag_map, limenifurahisha sana. Kila mstari una namba ya lebo, namba ya kitu kilichowekwa lebo, na jina la aina ya kitu hicho: com_content.article kwa makala, com_contact.contact kwa mtu. Makala namba 7 na mtu namba 7 hawawezi kuchanganywa. Jedwali jingine, #__content_types, linaorodhesha aina zote pamoja na njia ya kutengenezea anwani ya ukurasa wa kila aina. Maana yake ni kwamba moduli yangu haina haja ya kuvifahamu vijenzi vyenyewe. Inauliza jedwali, inajibiwa. Kesho mtu akiandika kijenzi kipya, akakisajili humo na kukiwezesha kupokea lebo, maudhui yake yanaingia kwenye orodha bila mimi kugusa msimbo. Huu ni usanifu mzuri, na unastahili kusifiwa zaidi ya inavyofanyika.

Tayari ipo moduli ya lebo zinazofanana inayotumia majedwali haya. Inakupa vigezo vitatu: lebo zote zilingane, nusu yake, au yoyote. "Zote" inabana mno. Ukurasa wenye lebo nyingi unabaki bila ndugu. "Yoyote" inafurika. "Nusu" ina nafuu, lakini kwake lebo zote zina thamani sawa, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Lebo iliyobandikwa kila mahali haisemi mengi kuhusu ukurasa, ilhali lebo adimu inasema karibu kila kitu.

Jibu la hili ni la zamani. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti Mwingereza wa utafutaji wa taarifa kwa kompyuta, alionyesha kwamba neno lipewe uzito kulingana na uchache wa nyaraka zinazolitumia. Unachukua idadi ya nyaraka zote, unaigawa kwa idadi ya zenye neno hilo, kisha unatafuta logi ya matokeo (hapa ya msingi wa 10). Tuseme tovuti ina kurasa 1000. Lebo iliyo kwenye kurasa 500 inapata takriban 0.3, iliyo kwenye kurasa 10 inapata 2. Kurasa mbili zinazoshiriki lebo moja adimu zinakuwa karibu kuliko kurasa zinazoshiriki lebo tatu za jumla, na ndivyo mhariri makini angeamua.

Kwa hiyo nimeandika moduli yangu. Inasoma lebo za ukurasa uliofunguliwa, inakusanya vitu vingine vyote vyenye angalau moja kati ya hizo, inajumlisha uzito kwa kila kitu, inapanga. Kila aina iliyopata chochote inahakikishiwa nafasi moja, maana makala ni nyingi na zingewameza watu na viungo. Kabla ya kuonyesha kitu inakagua kama kimechapishwa, kama lugha yake ni ya ukurasa husika, na kama msomaji ana ruhusa ya kukiona. Ukaguzi wa ruhusa hauna mjadala: hata kichwa peke yake cha ukurasa wa siri kikivuja, siri imevuja.

Usafi wa lebo umekula muda kuliko msimbo, na sawa iwe hivyo. "Umwagiliaji" na "kilimo cha umwagiliaji" zikiwepo zote mbili, kurasa ndugu hazikutani kamwe, na hakuna hesabu itakayoziunganisha. Nimeziunganisha lebo pacha, kisha nikaondoa ruhusa ya waandishi kuunda lebo mpya. Wanachagua zilizopo, mpya zinapitia kwa mhariri.

Kilichobaki ni kasi. Kwa sasa uzito unahesabiwa kila ukurasa unapofunguliwa, na hiyo ni kazi ya bure, kwa sababu lebo hazibadiliki kila dakika. Tangu toleo la 4.1 Joomla ina kipanga kazi chake chenyewe, kinachoendesha kazi kwa ratiba. Hatua inayofuata ni plagini (programu-jalizi) ndogo ya kuhesabu uzito wa lebo zote usiku na kuuhifadhi kwenye jedwali lake, ili moduli isome tu.